Taa za Kilima cha Tuttle

Jumanne, 10 Januari 2023

Barua ya malalamiko. Ya kwanza mwaka huu, na mwaka wenyewe hauna hata wiki mbili. Nilidhani ni mbwa wa akina Quimby tena. Hapana. Ni taa za Kilima cha Tuttle.

Niandike vizuri, labda nitaelewa mwenyewe. Mimi Corinne Gagnon ni msimamizi wa kanuni za mji huu, siku tatu kwa wiki, katika ofisi iliyobanwa nyuma ya tangi la mafuta ya kupashia jengo joto. Kanuni ya taa niliiandika mimi. Miaka tisa iliyopita kituo cha mafuta kiliweka bango lililomulika mpaka makaburini, mji ukapandwa na hasira, nikaandika. Kifungu cha nne: taa zote za nje zizimwe saa tatu usiku. Kifungu cha tano: mwanga usivuke mpaka wa kiwanja cha mtu mwingine. Walinipigia makofi. Nilitembea wiki nzima kama jaji.

Sasa zamu ya kilima, kile cha kuteleza kwenye theluji. Kamba moja ya kuvutia watu juu, mteremko mmoja na nusu, kibanda cha supu, taa kumi na moja. Kinaendeshwa na chama cha watu wa kujitolea, na mwenyekiti ni Merle. Merle aliyekuwa mume wangu. Angekuwa nani mwingine? Kanuni ilikuwa haiwagusi, kwa sababu taa zao za manjano zilikuwepo kabla yake. Ila Oktoba Merle alizing'oa akaweka LED nyeupe, na taa mpya ni taa mpya: msamaha umekufa. Nilimwambia siku ileile. Alisema, "Corinne, usianze."

Mlalamikaji ameomba jina lisitajwe mpaka siku ya kusikilizwa. Kifungu cha tisa kinamruhusu. Hicho nacho niliandika mimi. Hodari sana mimi.

Nimesoma jina mara tatu. Hata hapa siliandiki leo.

Alhamisi, 12 Januari

Nimepanda kilimani usiku na notisi mfukoni. Watu kama themanini. Wa kiwanda cha mbao wametoka zamu wakaja moja kwa moja, vumbi la mbao bado kwenye ndevu, wanateleza na suruali za kazi. Watoto wa shule wanaanguka makundi makundi na kucheka. Mchana hao wote wako kazini au darasani. Usiku ndio kilima. Ukizima taa, pale panabaki malisho yenye mwinuko.

Na nitasema jambo moja kwa kuwa hakuna atakayesoma: panapendeza. Theluji chini ya zile taa mpya inageuka buluu hivi, na watu wanakuwa na vivuli vinne vinne.

Merle alikuwa kibandani anakoroga maharage.

"Umekuja kuteleza au kuniharibia jioni?"

"Sikuleta skii."

"Basi nimeelewa."

Akasoma notisi huku midomo ikicheza, kama anavyosoma kila kitu. "Saa tatu? Zamu ya kiwanda inatoka saa mbili. Waje, wavae, wapande mara mbili, niwazimie?"

"Omba kibali cha muda zaidi. Na funga vifuniko vya kuelekeza mwanga chini. Kamati ya Mipango itasikiliza tarehe saba Februari."

"Sifuniki taa zangu kama kuku anayeatamia. Nani kalalamika?"

"Siwezi kusema."

"Ulipokuwa mke wangu pia ulikuwa husemi."

Nikajipakulia maharage. Chumvi nyingi mno. Nilimaliza bakuli.

Ijumaa, 13 Januari

Mji umeshaendesha kesi na kutoa hukumu kabla ya saa nne asubuhi. Mahakama: duka la Dot, karibu na birika la kahawa. Mshtakiwa: Philip Zalewski, daktari wa meno mstaafu, alihamia kutoka Boston mwaka juzi, nyumba yake iko chini ya kilima. Ushahidi: ana darubini kwenye roshani.

"Mwenye darubini anataka giza," Dot akasema, akinimiminia kahawa na kunikazia macho. "Au nakosea?"

Nikasema donati zake leo zimekauka. Hazikuwa zimekauka. Na huo ndio utetezi wote nilioutoa kwa niaba ya Bwana Zalewski.

Jumanne, 17 Januari

Jana usingizi haukuja. Basi niandike.

Ni Bi Winnie Hobart. Miaka themanini na mbili. Mwanamke aliyewafundisha watu wote wa mji huu kuanguka bila kuvunja kitu, mimi na Merle tukiwemo. Kama kilima kina mama, ni yeye. Kama kina baba, ni Alden mumewe, aliyeendesha injini ya kamba majira arobaini na moja ya baridi. Na barua imeandikwa kwa mkono wake, herufi zimelala upande kama zilivyokuwa kwenye vyeti vyetu vya kuteleza.

Leo nimekwenda kupima. Saa mbili usiku, kipima mwanga mkononi, nimesimama kwenye mpaka wa kiwanja chake na theluji imenifika magotini. Kanuni inaruhusu mwanga wa laksi moja. Kipimo kikasema nne. Nikakitikisa. Nne. Nikakipangusa. Nne. Nikaandika nne, kwa sababu mimi ni mtumishi mwaminifu wa umma, Mungu anisaidie.

Akanikaribisha ndani. Alden alikuwa mezani amevaa koti la kazi juu ya pajama, viatu vimebadilishana miguu.

"Kamba imekwama?" akaniuliza.

"Hapana, Alden. Inakwenda vizuri."

"Mbona hawajaniita?"

Akauliza mara tatu, na kila mara kwa adabu ileile, kama ndiyo kwanza naingia.

Bi Winnie akanipeleka chumbani. Dirisha linatazama kilima moja kwa moja. Amepigilia blanketi juu ya pazia. Alden amelishusha, misumari imebaki na nyuzi. "Zile za manjano hazikumsumbua," akasema. "Hizi zinaingia mpaka kitandani. Anaamka, anaona kumewaka, anasema watu wanamsubiri. Anavaa. Wiki ya Krismasi nimemkuta barabarani, hana kofia."

"Mwambie Merle. Atazizima leo leo."

"Na kesho mji wote utaniletea mikate ya ndizi na kumsemesha Alden kama mtoto mchanga. Na Ruth atapata habari." Ruth ni binti yao, yuko Portland, anajua jina la kila nyumba ya wazee katika jimbo. "Atamchukua, Corinne. Miaka hamsini na nane nimelala naye chumba kimoja."

"Watu wanamlaumu yule daktari wa meno."

Akachomoa uzi mmoja kwenye msumari. "Ni mtu mzima. Atavumilia."

Kisha akanishika mkono akasema niahidi. Nikaahidi. Nini kingine ungemwambia mtu aliyekufungia skii zako za kwanza?

Jumatano, 18 Januari

Nimeandika taarifa ya ukaguzi. Laksi nne. Mahali: "mpaka wa kusini". Kusini mwa kilima kuna nyumba mbili, ya Hobart na ya Zalewski. Nimeacha hivyo. Watu watachagua wanayoitaka, nami nitakuwa sijasema uongo. Ujanja wa kiofisi, niliusomea semina.

Jumapili, 22 Januari

Baada ya ibada kulikuwa na kahawa chini, na orodha ya sahihi: "Okoa Taa Zetu". Sahihi mia mbili na sita katika mji wenye watu mia nne, ukihesabu waliohamia Florida. Bi Winnie alipofikiwa alichukua kalamu, akasaini, akairudisha, akachukua biskuti. Hakunitazama.

Zalewski alikuja pia. Alisimama karibu na meza ya kahawa, na meza ikawa tupu papo hapo. Akaniuliza, sauti ya chini, kama gari la kusukuma theluji limebadilisha ratiba, maana mara tatu sasa limefagia barabara yote na kurundika theluji mlangoni pake. Miaka sitini na tisa, anachimba peke yake.

"Na kuna taa kwenye mti mbele ya nyumba yangu," akasema. "Inawaka usiku kucha. Sikuiweka mimi."

"Nitaangalia."

"Ile darubini ni ya bundi, unajua. Natazama bundi. Mwanga wa kilima unanisaidia kuwaona."

Nilijua nini cha kusema. Nikasema, "Pole."

Jumatatu, 23 Januari

Nimetoa notisi kwa taa ya mafundi iliyotundikwa kwenye mti, yenye waya wa kuongezea uliopita juu ya ua hadi kwenye soketi ya kibanda cha supu. Upelelezi ulinichukua dakika mbili, nyingi nikiwa natembea.

"Siijui," Merle akasema.

"Ina herufi zako, Merle. M.G., kwa rangi nyekundu."

"Basi imeibiwa."

"Huyo mtu hajafanya lolote."

Akanigeukia. Kwa mambo mengine ni mzito, lakini kwangu si mzito hata kidogo. "Kwa hiyo si yeye?"

Nilihisi masikio yanapata moto. "Sikusema hivyo."

"Umesema."

"Nimesema ung'oe taa."

Akaing'oa. Akakunja waya polepole akinitazama. Nilipofika kwenye gari nilikuwa nimeshaamua kwamba sitasema neno jingine mpaka Februari. Nimeshindwa hata kufika jioni: nimempigia Bi Winnie, nimemwomba aniruhusu nimwambie Merle, Merle peke yake. Akasema Merle hawezi kuficha hata zawadi ya Krismasi. Kweli. Niliijua kila moja.

Alhamisi, 26 Januari

Ametoka tena. Bi Winnie kanipigia saa mbili na nusu usiku, nikashuka na gari. Nilimkuta Alden amefika kwenye kona ya chini ya kilima, anatembea kwa haraka ya mtu aliyechelewa kazini. Taa zote kumi na moja mbele yake. Alikuwa anazifuata tu, kama mtu anayefuata barabara.

Akapanda gari bila ubishi. "Wewe ni binti wa nani?" akauliza. Nikamwambia. Akasema baba yangu alikuwa anateleza vibaya. Sahihi.

Bi Winnie alikuwa mlangoni na tochi. Nikamwambia hili haliwezi kuendelea, aseme, au nitasema mimi.

"Uliahidi."

"Akifa barabarani je?"

"Tarehe saba wakitekeleza kanuni yako, taa zitazimwa mapema na zitafunikwa, na hakuna atakayehitaji kujua kitu. Siku kumi na mbili tu." Akasema "kanuni yako" kwa heshima kabisa. Mara ya kwanza watu waninukuu, na lazima iwe hivi.

Nimempelekea kufuli la mlango. Hilo tu ndilo nimefanya.

Ijumaa, 3 Februari

Baridi ya leo inagandisha kope. Kilima kimefungwa kwa siku mbili, hata wendawazimu wana mipaka.

Merle ana mpango, na amenieleza dukani kwa Dot akiwa na furaha ya mvulana aliyepata baruti. Jumanne, siku ya kusikilizwa, ambayo ni siku ya kuteleza, hatawasha taa hata moja. Tangu jioni. "Mji uone giza lenyewe lilivyo," akasema. "Wakitoka mkutanoni watazame juu, waone hakuna kitu." Ameandaa na kibao cha kutundika kwenye kamba: *Pamefungwa kwa hisani ya mwenye darubini.*

Nikamwambia kibao kinahitaji kibali.

Nimempigia Bi Winnie kumwambia Jumanne kutakuwa giza. Nilisikia pumzi yake kwenye simu. "Basi atalala," akasema. "Nitaweza kuja." Hajatoka nyumbani usiku tangu Novemba. Tulifurahi sote wawili. Naandika hivi ili nikumbuke kwamba tulifurahi.

Jumanne, 7 Februari

Naandika nyuma ya nakala za ajenda, kwenye meza ndogo chumbani kwa Bi Winnie. Saa ya ukutani imesimama. Mikono inataka kitu cha kufanya.

Mkutano ulianza saa moja. Ukumbi ulijaa, watu wamesimama mpaka kwenye ngazi. Njiani niliona kilima: cheusi kabisa, huwezi kujua kinaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Merle alikuwa mstari wa mbele, amevaa tai. Mara ya mwisho kumwona na tai ni siku ya talaka. Bi Winnie viti viwili kando yake, koti la chama, begi magotini. Zalewski hakuwepo, na hilo watu walilihesabu kuwa ungamo.

Lester Quimby, mwenyekiti wa kamati, akasoma kanuni yangu kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Nikasoma taarifa yangu. Laksi nne, mpaka wa kusini. Minong'ono. Kisha Merle akasimama, akazungumza vizuri, hilo lazima niseme. Alisema kuhusu zamu ya kiwanda. Alisema kuhusu watoto ambao wazazi wao hawana cha kuwapeleka kwenye milima mikubwa. Alisema, "Alden Hobart aliendesha injini ile miaka arobaini na moja, na hakuchelewa hata siku moja. Tunamzimia taa mtu kama huyo kwa ajili ya nyota za mgeni?" Makofi. Bi Winnie akapiga makofi pia, taratibu, viganja havikutoa sauti.

Merle akaomba jina la mlalamikaji lisomwe. Ni haki yake, kifungu cha tisa, aya ya pili. Lester akanigeukia. "Corinne?"

Nikafungua faili. Nikawa na barua mkononi. Nilimtazama Bi Winnie, naye alikuwa anatazama begi lake, na sijui ningefanya nini, kweli sijui, kwa sababu mlango wa nyuma ulifunguka.

Zalewski. Hana kofia, theluji mpaka mapajani. Mtu mmoja akazomea. Mwingine akasema, "Huyo amekuja kusikia jina lake." Hakuwajali. Alikuwa anatafuta mtu kwa macho.

"Bi Hobart," akasema. "Mlango wako uko wazi. Nimeingia, nimeita. Hakuna mtu ndani. Kuna nyayo zinatoka."

Kufuli langu. Alden alitengeneza mashine maisha yake yote, nami nikadhani kufuli la dukani litamshinda.

Bi Winnie akasimama. Nilidhani ataanguka, nikanyoosha mkono. Hakuanguka.

"Nyayo zinaelekea kilimani?"

"Zinaanza hivyo. Kisha zinazunguka. Zinaingia msituni, zinatoka, zinarudi. Nimezipoteza kwenye mto."

Akamgeukia Merle. "Washa taa."

Merle hakuelewa. Hakuna aliyeelewa. "Bi Winnie, tupige simu kwanza kwa—"

"Merle. Huwa anazifuata. Kila usiku anazifuata taa zako, ndiyo sababu niliandika ile barua. Leo hazipo, hajui pa kwenda. Washa taa."

Nilimwona Merle akiipokea, kipande kwa kipande, na midomo yake ikicheza kama anasoma. Akanitazama mimi. Akaona kwamba nilijua. Kisha akakimbia, tai na yote.

Hakuna aliyefunga mkutano. Lester aliacha nyundo mezani. Nusu saa baadaye kulikuwa na watu mia mbili kwenye theluji, wa kiwanda, Dot, wengine wamevaa skii, wengine wanashika tochi na simu. Zalewski aliwaongoza mpaka pale alipopoteza nyayo, na walimfuata bila neno, mstari mrefu, watu walewale. Mimi niliambiwa nikae na Bi Winnie, pengine Alden atarudi mwenyewe. Mji huu unajua kugawa kazi: walionyamaza wapewe kazi ya kunyamaza.

Taa zilipowaka tulikuwa humu chumbani. Zikaja zote kwa pamoja, na chumba kikawa cheupe, kitanda, viatu vyake vya nyumbani, blanketi lenye nyuzi. Ningeweza kusoma gazeti. Kipima mwanga kiko kwenye mkoba wangu, na hakijawahi kuwa na faida ndogo kuliko leo.

Bi Winnie amelishusha lile blanketi, lililokuwa limening'inia kwa msumari mmoja. Amelikunja, pembe kwa pembe, ameliweka kitini. Amesimama dirishani.

"Ni saa ngapi?" akauliza.

Nilikuwa na saa ya mkononi, nikatazama. "Saa tatu imepita."

"Wasije wakazima."

"Hawatazima."

"Mpigie umwambie."

Nikampigia Merle. Alikuwa anahema. Nikamwambia asizime mpaka aambiwe. Akasema, "Na kanuni?" Hakuwa anatania, nadhani. Nadhani alitaka tu kusikia mtu akisema jambo. Nikamwambia kanuni ni yangu na mimi ndiye msimamizi. Kisha akasema, "Ungeniambia, Corinne," na akakata.

Ningemwambia. Ndiyo. Kuanzia ile siku ya maharage kuna siku ishirini na sita ambazo ningeweza kumwambia, na nimezipitia zote hapa mezani, moja moja. Kila siku nilikuwa na sababu nzuri.

Nimechemsha maji. Hakuna anayekunywa. Nimemwambia Bi Winnie akae, akasema akikaa hataona. Huko juu watu ni vitone, wanashuka, wanapanda, wanaitana jina lake. Kutoka hapa inaonekana kama Alhamisi yoyote.

"Wamekuja wengi," akasema.

"Wote."

"Angependa. Kamba ingekuwa inakwenda angependa zaidi."

Sasa hivi vitone vimesimama. Vyote. Kuna mmoja karibu na kibanda cha injini ya Alden anapunga mkono, wengine wanashuka kumwelekea, wengine wanakimbia, na mmoja anaanguka na kuinuka.

Simu inalia mezani. Bi Winnie hajageuka. Amenyoosha tu mkono nyuma, kiganja kimefunguka, na sijui kama anaitaka simu au ananitaka mimi. Naweka kalamu chini.